Kutoka Muhuri Hadi Waya wa Shaba

Siku niliyoaga karakana, wenzangu walinipa kiti cha kupumzikia na daftari lenye kurasa mia mbili. Kiti nilikielewa. Kuhusu daftari, Clarisse, ambaye sasa ndiye mkuu pale, alinieleza: "Mama Georgine, uandike byote. Bale batakuya nyuma yetu bajue." Nilimwambia kwamba ninayoyajua yako kwenye vidole. Akasema kurasa ni nyingi, nikosee tu mpaka nipate.

Basi naandika. Asiyejua kazi yetu na aijue tangu hapa: sisi ni mabobineur. Mota ikiungua, iwe ya pampu, ya feni au ya mashine ya kusaga mahindi, tunatoa waya wa shaba ulioungua tumboni mwake na kusuka mwingine mpya, mzunguko kwa mzunguko. Lubumbashi, ambako umeme ukirudi hurudi kwa hasira zaidi kuliko ulivyoondoka, kazi hiyo haikosi.

Lakini mimi sikuanzia hapo. Kwa miaka kumi na saba nilikuwa karani wa barua katika ofisi moja ya mjini ambayo sitaitaja, kwa sababu bado ipo na bado inapokea barua. Kazi yangu ilikuwa hivi. Barua inaingia, naipiga muhuri wa REÇU, yaani imepokelewa, naipa namba kwenye kitabu, naipandisha ghorofa ya pili. Ghorofa ya pili wanaandika pembeni "Kwa taarifa", kisha inarudi kwangu. Naipiga muhuri tena, naitia kwenye faili, faili linaingia kabatini. Mwaka wangu wa kumi na moja mchwa walikula kabati zima. Niliandika ripoti ya kurasa mbili. Ripoti ikapanda, ikashuka na "Kwa taarifa" yake, na mimi mwenyewe nikaitia kabatini walimokuwa mchwa.

Mkuu wangu alikuwa Chef Ferdinand, mtu mpole, mwenye miwani na suruali iliyopigwa pasi hadi mstari wake ungeweza kukata mkate. Alinipenda kwa sababu sikuchelewa. Alikuwa akinionyesha viganja vyake na kusema: "Angalia, mama. Muntu ya bureau unamujua paka ku mikono." Kwake mtu wa ofisi alijulikana kwa mikono tu, na viganja vile vilikuwa vyeupe kama bukari, ugali wetu wa mahindi. Nilitazama vyangu, navyo vilikuwa safi vilevile, nikahuzunika bila kujua kwa nini.

Nilipata kujua siku mashine ya kusagia ya dada yangu ilipoungua kule Kampemba. Dada alikuwa na homa, kwa hiyo mimi ndiye niliyefuatana na mota ile juu ya mkokoteni hadi komini ya Kenya, hapahapa mjini kwetu, kwa fundi mmoja aliyeitwa Papa Mbuyi. Alikuwa mzee wa Kasai, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Alifungua kifuniko, akaingiza pua kabla ya kuingiza macho.

"Hii haina ya leo," alisema. "Ilianza kuungua tangu siku tatu. Hamukusikia harufu?"

"Tulifikiri ni jirani anakaanga samaki," nilimjibu.

Hakucheka. Alianza kung'oa waya ulioungua huku akihesabu mizunguko kwa midomo, kwa sababu waya mpya lazima uzunguke idadi ileile. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikahesabu pamoja naye kimoyomoyo. Alipomaliza aliandika ukutani kwa chaki: 64.

"Papa, samahani. Ni sitini na tano."

Alichukua koili ya pili, iliyo pacha wa ile, akanipa upande mmoja wa waya, tukahesabu kwa sauti. Sitini na tano. Alifuta ukuta kwa kiwiko, akaandika upya, kisha akauliza: "Unatumikaka wapi, mama?"

"Ku bureau. Nahesabiaka barua."

"Unazihesabia nani?"

Ninyi mnaosoma, nawaambia ukweli: swali hilo nilirudi nalo nyumbani. Siku ya kuichukua mota nikamwomba anifundishe. Alisema kazi ina uchafu, ina kukaa kwa magoti, na hajawahi kufundisha mwanamke. Halafu akasema nije Jumanne na Alhamisi nikitoka kazini, na Jumamosi kutwa. Sharti lilikuwa moja: mtu anapohesabu, asisemeshwe, hata nyumba ikishika moto.

Wiki mbili za kwanza sikugusa waya. Nilikata karatasi ya kuzuia umeme, ile inayotandikwa ndani ya mifereji ya chuma kabla ya waya kulala humo. Ikizidi milimita mbili inakunjika, ikipungua milimita mbili waya unagusa chuma na mota inakufa. Nilikata mamia. Papa Mbuyi alizipima kwa rula, zilizoharibika akawashia jiko la chai. Tulikunywa chai nyingi.

Vifaa vyake vilikuwa vichache, nami navitaja kwa sababu vijana wa leo mnapenda sana vya kuchomeka ukutani. Kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe, cha kusukumia waya kwenye mfereji. Kipimo cha unene wa waya, alichokihifadhi ndani ya soksi ya mtoto. Taa ya majaribio, balbu moja na nyaya mbili. Na chaki. "Mbele ya kutoa waya, chora," alikuwa akisema. "Moteri yenye umefungula bila kuchora, njo maiti bila jina."

Kuchora nusura kunifukuzishe kazi. Pale ofisini nilikuwa nachora ramani za nyaya nyuma ya barua za zamani, wakati wa mapumziko, duara lenye mifereji ishirini na minne na mishale ikitoka huku ikiingia kule. Siku moja ramani ikachanganyika na barua za asubuhi. Nadhani nilikuwa nawaza koili, mkono ukafanya kazi yake wenyewe: muhuri, namba, ghorofa ya pili. Alasiri ikarudi. Pembeni, kwa wino wa bluu na sahihi kubwa, walikuwa wameandika: "Kwa taarifa. Ifuatiliwe."

Chef Ferdinand aliishika kwa mikono miwili. "Mama Georgine, hii ni plan ya nini?"

"Ni organigramme, Chef. Ya service yetu," nilimdanganya, yaani mchoro wa vyeo vya idara.

Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. "Na mie niko wapi?"

Nilimwonyesha mfereji wa saba. Alihesabu mishale iliyoufikia, akaona ni mingi, akaridhika. Aliomba nakala.

Nyumbani nako mambo hayakuwa mepesi. Mume wangu Raphaël, mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa parokia, aliona mke anarudi jioni mara tatu kwa wiki, ananuka vanishi, halafu anapopika midomo inacheza peke yake. Nilikuwa narudia hesabu za koili. Yeye akaamua kwamba nimehamia kwenye kanisa fulani la maombi kule Kenya. Hakunigombeza. Alimleta katekista nyumbani, wakakaa sebuleni wote wawili na nyuso za msiba.

"Mama," katekista alisema, "kule banakufundisha kuomba mu luga gani?"

Nilienda chumbani nikarudi na koili yangu ya kwanza, iliyopinda kama sikio la mbuzi, nikaiweka mezani. Raphaël aliigusa kwa kidole kimoja, akauliza kama inauma. Tangu siku ile alikuwa akiwaambia watu kwamba mkewe anasoma umeme, na alilitamka neno hilo kama anayetaja chuo kikuu.

Mota yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa ya feni ya kinyozi. Nilisuka kwa Jumamosi tatu. Niliiwasha mbele ya kinyozi na jirani zake wawili, ikazunguka vizuri kabisa, nikatabasamu, na ilipofika dakika ya nne ikaanza kutoa moshi.

"Mama Georgine," Papa Mbuyi alisema kwa heshima, "umetengeneza mbabula."

Mbabula ni jiko letu la makaa. Kinyozi alicheka hadi akashikilia ukuta. Kosa langu lilikuwa bisibisi. Waya ulikataa kuingia, nikachoka na mwanzi, nikausukuma kwa chuma, nao ukachubuka ngozi yake ya vanishi. Hakuna bisibisi ndani ya mfereji, hata kama mteja amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Nilipokuwa nafumua kazi yangu yote, huku nikitaka kulia, Papa Mbuyi alinisimulia jinsi ujanani alivyosuka mota ya mashine ya kusagia nyama ya mchuuzi mmoja, ikazunguka kinyume. Nyama ilikuwa inatoka pale inapoingilia. Mchuuzi alimkimbiza hadi relini. Nilicheka, na nikaanza upya. Mara ya pili feni ile haikutoa moshi.

Sasa niwaeleze kuhusu pampu ya zahanati, kwa sababu ndiyo iliyonitoa ofisini.

Kulikuwa na zahanati ya masista kule Kampemba, yenye chumba cha uzazi. Kisima chao kilitegemea pampu moja, na Jumatano moja ikaungua. Sista Béatrice, aliyekuwa akiisimamia, aliileta mwenyewe akiwa nyuma ya gari dogo la mizigo, ameikumbatia. Alisema ana akina mama tisa wodini, na kila familia inabeba maji kwa bidoni kutoka mtaa wa tatu. "Nawaomba munipatie hata siku mbili," alisema. "Zaidi ya siku mbili nitaanza kufukuza wazazi."

Wiki hiyohiyo Papa Mbuyi alikuwa amepasuliwa jicho, nami nilikuwa nikipita kila jioni kumsaidia. Moja lilikuwa chini ya bandeji, na la pili liliona ukungu mtupu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karakanani kwa sababu mkewe alichoka naye nyumbani. Alimsikiliza sista mpaka mwisho, kisha akasema: "Mama Georgine atafanya."

Nilikuwa nimesuka feni tano na mota mbili za kusagia, zote akiwa begani kwangu. Hii ilikuwa na mifereji thelathini na sita na ilitumia nyaya tatu za umeme. Nilimnong'oneza: "Papa, nikikosea?"

"Utakosea mbele yangu. Minasikia."

Nilihitaji ruhusa ya siku mbili kazini. Asubuhi ya Alhamisi niliandika barua ya kuiomba. Kwa kuwa barua zote huingia kwa karani, niliipokea kutoka kwangu mwenyewe, nikaipiga muhuri, nikaipa namba, nikaipandisha ghorofa ya pili. Nilijua haitashuka kabla ya wiki ijayo. Nikachukua mkoba nikaenda Kenya.

Nilifungua pampu, nikachora, nikang'oa, nikahesabu. Papa Mbuyi alikaa karibu, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Waya unapoingia mferejini vizuri hutoa sauti kama karatasi inayokunjwa taratibu; ukikwaruza, sauti hukatika. Kila ilipokatika alikuwa akigonga kiti kwa kidole, nami narudi nyuma. Hadi saa sita mchana alikuwa amegonga mara nne tu.

Hapo ndipo mtu alipoingia, amelowa suruali hadi magotini, amebeba bidoni mbili tupu za manjano. Sikuinua macho. "Bobineur iko wapi?" aliuliza. "Natoka ku zahanati. Binti yangu iko mu uchungu tangu asubuhi, banatutuma maji paka maji. Hii pompe itaisha saa ngapi?"

Sauti ile nilikuwa nimeisikia kila siku kwa miaka kumi na saba. Nilikuwa kwenye mzunguko wa thelathini na mmoja. Niliinua mkono wa kushoto kumnyamazisha, nikaendelea. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Chef Ferdinand alibaki mlangoni na bidoni zake, mdomo wazi, mpaka nilipofika arobaini na nne na kufunga uzi.

"Mama Georgine? Uko mugonjwa?"

"Hapana, Chef. Barua yangu iko ku étage ya pili."

Alitazama viganja vyangu vyeusi. Alitazama mifereji. Nilimwona anaihesabu, na nina hakika alikuwa anautafuta ule wa saba. Kisha akaweka bidoni chini, akauliza kwa sauti ndogo sana: "Nisaidie nini?"

Nilimpa taa ashike. Aliishika mpaka saa kumi. Mara mbili simu yake ililia, mara mbili akatoka nje kujibu na kurudi akitikisa kichwa: bado. Mara ya pili mwanga ulicheza juu ya waya. Papa Mbuyi, ambaye hakuuona mwanga, alisema: "Mwambie akae, huyu papa. Anapumua kama muntu mwenye kukimbia." Akakaa. Akaendelea kushika taa akiwa amekaa.

Vanishi inayopakwa waya lazima ikauke kwa joto. Tuliifunika pampu kwa pipa la chuma, tukaweka mbabula kando, na asubuhi ya Ijumaa nilipofika, Chef alikuwa ametangulia, anapepea makaa kwa faili la kadibodi. Juu ya faili lile niliona mwandiko wangu. Sikuuliza ni la mwaka gani. Binti yake alikuwa bado hajajifungua, sista amesema mtoto amekaa vibaya na daktari ameitwa. Shati lake lilikuwa na vanishi kwenye kola.

Tuliipeleka Kampemba saa tano, Papa Mbuyi akiongozwa kwa mkono na Chef, bandeji na suruali ya mikunjo bega kwa bega. Tuliishusha, nikaunganisha nyaya, nikamwomba Sista Béatrice awashe. Ikanguruma vizuri, bila harufu, bila joto. Tukasubiri kwenye bomba la uani. Likakohoa, likatema hewa, likatoa maji membamba kama ya chai inayomiminwa kwa adabu. Akina mama kumi na zaidi walikuwa wamepanga ndoo. Mmoja akasema: "Njo hii tu?"

Papa Mbuyi alikuwa ameegemea ukuta, kichwa upande.

"Inazunguka kwa nyuma," alisema. "Zima. Kati ya waya tatu, badilisha mbili, zozote."

Nilizima, nikabadilisha mbili, nikawasha. Chef Ferdinand alikuwa ameinama mbele ya bomba akichungulia ndani, kama mtu anayesoma barua isiyo na sahihi. Maji yalimpiga usoni, yakaichukua miwani yake. Wanawake wakapiga vigelegele, ndoo zikagongana, sista akaanza kuimba. Chef alikaa pale chini kwenye tope, amelowa chapachapa, anacheka kwa sauti ambayo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuisikia.

Binti yake alijifungua alasiri, mtoto wa kike, akaoshwa kwa maji ya bomba. Chef alitoka kuniambia. Alitaka kunishika mkono, akasita kwa sababu ya vanishi yangu, akatazama yake, akaona zinafanana, akanishika.

Jumatatu barua yangu ilikuwa mezani. Ghorofa ya pili walikuwa wameandika: "Haikukubaliwa. Sababu haionekani." Nilimpelekea Chef. Aliisoma, akachukua muhuri kwa mkono wake mwenyewe, akaipiga mara mbili, akasema: "Itie mu kabati ya muchwa." Halafu akaongeza, bila kunitazama: "Mama, kama mie ningekuwa na mikono yako, ningekuwa niliisha kuenda tangu zamani."

Niliandika barua ya kuacha kazi mwezi uleule. Niliiacha mezani kwangu bila namba, nikaaga. Miezi mitatu baadaye mjumbe akaja karakanani na barua ya ofisi: walikuwa wananiomba nifike niandikishe barua yangu ya kuacha kazi, kwa kuwa tangu nilipoondoka hapakuwa na mtu wa kuandikisha.

Miaka iliyofuata ni mota, na mkizijua mbili mmezijua nyingi. Papa Mbuyi aliishi miaka tisa tena. Jicho lililopasuliwa lilipona, lakini aliendelea kufanya kazi kwa masikio kwa sababu, alisema, macho yanadanganywa na rangi mpya. Wateja walikuwa wakinipita mlangoni wakitafuta fundi. "Bobineur ni mie." "Hapana mama, bwana yako." Niliwajibu kwamba bwana yangu anafundisha imla, na kama wanataka mota zao ziandike bila makosa, wampelekee. Wengi walirudi. Mmoja kweli alienda kwa Raphaël.

Alipofariki Papa Mbuyi tulikaa matanga siku tatu, na kila siku alitokea mtu nisiyemjua aliyesema nyumbani kwake kuna kitu kinazunguka kwa sababu ya mzee yule. Nililia sana. Nilipomaliza kulia nilimpokea Clarisse, muuguzi aliyechoka na makaratasi ya wodi, nikampa mkasi na karatasi ya kukata.

Niliacha kazi mwaka huu kwa sababu vidole vya kulia vimeanza kutetemeka, na waya mwembamba hausamehi. Clarisse aliona kabla yangu, akawa wiki nzima ananipangia mota kubwa za waya mnene. Nilipotambua, nilimshukuru na nikavua aproni.

Wiki ya kwanza ya mapumziko nilikaa kwenye kile kiti uani. Siku ya pili nikasikia pampu ya jirani. Rulema yake, zile gololi za chuma zinazobeba mhimili, ilikuwa inalia, kidogo sana, kila inapozunguka. Raphaël hakusikia kitu. Siku ya tatu nikahamishia kiti upande wa pili wa nyumba. Siku ya nne niliisikia kutoka upande huo pia.

"Georgine," Raphaël alisema nyuma ya gazeti, "umeisha kupumuzika. Achana nayo."

"Inaomba mafuta tu."

"Haikuombi weye."

Siku ya tano, baada ya misa, nilibisha kwenye geti la jirani nikiwa na gauni la kanisani na kopo la grisi chini ya kitenge. Ni mama kijana aliyehamia karibuni, hakunijua. Nilimwambia pampu yake itaungua kabla ya mwisho wa mwezi. Alinitazama kama mtu anayetazama nabii wa barabarani, lakini akanifungulia. Nilikaa chini kwenye saruji. Kwa kazi ya grisi vidole havikutetemeka hata kidogo, au vilitetemeka na haikudhuru. Nilichukua saa nzima, ingawa ilikuwa kazi ya dakika ishirini.

Nilirudi nyumbani na mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Mlangoni, Raphaël alikuwa amekwisha kuweka beseni la maji ya moto, sabuni, na kitambaa chenye petroli. Alikuwa ndani anaendelea na gazeti lake. Nilinawa polepole.